Nchi Iliyowanyima Vijiji Salamu

Asiyefika nchi ya Ngelini huisimulia kwa kusikia. Bi Tausi binti Ngwali alifika kwa miguu yake mwenyewe, akaona, akarudi na ghadhabu iliyochanganyika na furaha, na habari hizi ni zake. Alikuwa mpishi wa shughuli, mtu mzima mwenye sauti kubwa, ambaye akionja chumvi imezidi katika sufuria ya mwenziwe hawezi kunyamaza hata kama hakuulizwa. Na Ngelini, anasema, chumvi ilizidi tangu langoni.

Alikwenda kwa ajili ya Salha, binti wa kaka yake, aliyeolewa huko katika kijiji cha Kitopeni na sasa alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza, imeshaingia mwezi wa tisa. Shangazi gani atakaa kwake anakuna nazi wakati mtoto wa kaka yake yuko katika hali hiyo ugenini? Bi Tausi akafunga kibindo, akaenda.

Langoni alipokewa vizuri na askari kijana. Alimwamkia, akamwita mama, akampa kiti, akamuuliza safari ni ya wapi. Bi Tausi akasema Kitopeni. Papo hapo yule kijana akageuza shingo, akamwambia askari mwenzake, "Kigeni hiki kinakwenda Kitopeni. Kipite." Tangu hapo hakumtazama tena. Bi Tausi alipouliza njia, kijana alimwambia mwenzake kwamba kigeni kinauliza njia, na mwenzake akaiambia hewa kwamba njia ni ile ya mkono wa kushoto. Alipowaaga, hakuna aliyeitikia. Bi Tausi amezoea maharusi wenye kiburi na wenye shughuli wasiojua kushukuru, lakini kuaga watoto wa kuwazaa yeye mwenyewe wakamkaushia, hilo lilimkaa kooni mpaka Kitopeni.

Mambo yenyewe aliyafahamu baadaye. Sheria ya nchi ile ni fupi, na wenyeji wa mjini huisema kwa upole, kama mtu anayesema leo kuna mawingu. Kila kilichoumbwa kina ngeli yake, na kila kitu kikae katika ngeli yake. Wakazi wa mjini wamo katika ngeli ya watu: mtu anakuja, watu wanakula, kama kwetu. Lakini kijiji huanza na ki, na wakubwa wa zamani waliamua kwamba kinachokaa ndani ya kitu nacho ni kitu. Kwa hiyo mzee wa kijijini ni kizee, na kizee hakifi, huchakaa. Mtoto wa kijijini ni kitoto, na kitoto hakizaliwi, hupatikana. Bi Tausi alimuuliza mtu mmoja wa mjini, kabla huyo hajajua yeye anakwenda wapi, kama haoni haya. Yule bwana alimjibu kwa adabu kabisa kwamba haya ni ya watu, na suala hili ni la sarufi.

Ya pili, mtu hasemi na kitu. Anayesema na vitu ana wazimu, na mwenye wazimu hashiki cheo. Mkuu wa Ngeli aliyetangulia, ndiye mwenye kuliongoza baraza la nchi, alisikika asubuhi moja akikiambia kiti chake kwamba leo kinalia sana, na jua halijafika utosini alikuwa amekwishastaafishwa.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa ikiwatesa watu wa Kitopeni. Kitu kikipungukiwa, hutengenezwa. Basi kila Kitopeni walipoomba jambo, serikali haikuwahi kukataa hata siku moja. Ilileta fundi seremala. Waliomba mwalimu, akaja seremala. Waliomba maji, akaja seremala mwingine na misumari mipya. Ndiyo maana Bi Tausi alipoingia kijijini alikuta milango ya nakshi ambayo hata matajiri wa kwetu hawana, na skuli yenye madawati ya kung'aa bila mwalimu, na zahanati yenye kitanda cha mninga kilichochongwa maua, na hakuna mtu wa kumlaza mgonjwa juu yake.

Masika yaliyopita waliomba mkunga. Binti wa Bi Mwanamvua, mwenyekiti wa chama chao, alikuwa karibu kujifungua. Akaja fundi anayeitwa Chande, na randa yake, na msumeno wake. Alifika na kukuta kazi pekee inayomngoja ni mbao za kaburi la mama na mtoto wake. Alizipiga randa huku analia, na alipomaliza hakurudi mjini. Alioa Kitopeni, akaingia chama, na sasa mjini walimwita kifundi.

Chama chenyewe kiliitwa Chama cha Wakazi wa Kitopeni, na wote waliomo walikuwa wa kujitolea. Hakuna aliyelipwa hata kikombe cha kahawa. Walifyeka njia, walibeba wagonjwa kwa machela kwa zamu, walikaa na yatima, na kila Jumapili alasiri walikutana katika ile skuli isiyo na mwalimu, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, wanajadili namna ya kuisemesha serikali. Walikuwa na desturi yao moja: mwanachama atakayetamka neno "haiwezekani" ndiye anayekwenda kisimani kuteka maji ya chai. Hakuna aliyekasirika kwa hilo, ilikuwa sheria, na chai haikukosekana.

Bi Tausi alihudhuria mkutano Jumapili ya kwanza baada ya kufika, maana mume wa Salha, Sefu Mnyeto, ndiye aliyekuwa katibu, na Salha mwenyewe alikuwa amekaa dawati la mbele ameegemea ukuta. Alisikiliza kwa subira ambayo, kwa waliomjua, ilikuwa ya ajabu. Hoja ya siku hiyo ilikuwa ni maneno gani wampe Msemaji safari hii. Kwa kuwa kitu hakina mdomo, serikali ilikuwa imekipa kila kijiji Msemaji, mtu wa mjini aliyekuja, akala vizuri, akachukua maneno yao, akaenda kuyatamka barazani kwa sauti nzuri: kijiji kinaomba mkunga. Tena hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akiwaombea kwa machozi. Na jibu lilikuwa seremala.

Mmoja akashauri safari hii waseme kijiji kinalia. Mwingine akasema bora chama kinasisitiza. Hapo Bi Tausi ikamshinda. Aliwauliza kwa nini hawajawahi kwenda wenyewe.

Wakatazamana kama watu walioulizwa kwa nini hawali kwa miguu. Bi Mwanamvua ndiye aliyemjibu, kwa upole, kwamba wao ni watu wenye adabu zao. Kitopeni mtu haendi nyumba ya mkubwa kuomba kwa mdomo wake mwenyewe. Hata posa haipeleki muoaji, hupelekwa na mshenga. Msemaji ndiye mshenga wao.

"Bi Mwanamvua, serikali si ukweni," Bi Tausi akasema. "Na hata ukweni, mshenga hupeleka posa, lakini siku ya ndoa bwana harusi huja mwenyewe. Nyinyi mwaposa tangu lini?"

Watu wakacheka, kisha kicheko kikawaishia mdomoni, kwa sababu lilikuwa kweli. Bi Tausi akaendelea na lile lililomkaa kooni. Akawasimulia ya langoni, jinsi yule kijana alivyomwamkia vizuri mpaka aliposikia neno Kitopeni, kisha akaanza kusema juu yake badala ya kusema naye. Akasema kudharauliwa angevumilia, lakini kukosa kuitikiwa ni kufanywa maiti, tena hata maiti husomewa.

Fundi Chande, aliyekaa nyuma, akanyanyua mkono. Akaeleza kwamba wao wa mjini hufundishwa jambo hilo wakiwa wadogo. Wakimwona mtu wa kijijini sokoni huambiwa wajiume ulimi, wasije wakaamkia wala kuitikia. Yeye alikuwa akijiuma mpaka damu inatoka, na hakujua sababu mpaka alipokuwa mkubwa. Ukisema juu ya mtu, alisema, unaweza kumtia ngeli unayotaka: amekuja, kimekuja, limekuja. Lakini ukigeuka ukamtazama usoni huna pa kumtia. Ni wewe tu, au ninyi. "Salamu haina ngeli," akasema. "Ndiyo maana wanaiogopa."

Sefu akauliza polepole, je, sisi tukiwaamkia wao? Na wao wakisahau, wakaitikia?

Basi ukawa mjadala. Wapo waliosema haiwezekani, kwenda barazani bila Msemaji ni utovu wa adabu. Wapo waliosema haiwezekani, watatufukuza. Mzee mmoja alisema haiwezekani kabla hata hajaelezwa ni nini. Maji ya chai siku hiyo yalitosha kijiji kizima, na watu wakirudi kutoka kisimani na ndoo zao, jasho likiwatoka, wakawa wamekwishaanza kuona kwamba huenda ikawezekana. Bi Mwanamvua ndiye aliyekata shauri. Alisema amezika binti kwa adabu, na hana binti mwingine.

Hawakutaka Salha aende, kwa hali yake ile. Salha akasema mkunga anaombwa kwa ajili ya tumbo lake, na akibaki nyumbani atakuwa anasemewa tena. Sefu akamtazama shangazi apate msaada, na shangazi akatazama pembeni. Fundi Chande akatengeneza machela nzuri yenye mto, na siku ya baraza Kitopeni nzima ikaondoka.

Kuingia barazani kulikuwa rahisi kuliko walivyodhani. Mabawabu walisimama mlangoni wamekodoa macho, lakini kumwambia mtu "rudi" ni kusema naye, na hakuna bawabu aliyetaka kupoteza kazi. Wakabaki kuambiana wao kwa wao, vitu vinaingia, vitu vinaingia. Mmoja akapata akili, akasema vitu hubebwa. Wakaita wapagazi. Wapagazi wakambeba yule mzee wa haiwezekani mpaka nje, wakamweka chini kwa uangalifu, na yeye akasimama, akajikung'uta, akaingia tena. Wakambeba mara ya pili, naye akarudi anatabasamu, maana alikuwa na maumivu ya goti na safari hiyo ilimpumzisha. Wapagazi wakaona hii ni kazi isiyo na mwisho, wakaenda kula.

Mkuu wa Ngeli alikuwa mwanamke wa umri wa Bi Mwanamvua, jina lake Bi Zamzam, mwenye miwani na uso wa kuchoka. Bi Tausi anasema alipomwona tu alijua huyu ni mtu aliyelelewa. Kando yake alikaa karani kijana, mkali wa sheria kuliko sheria yenyewe. Bi Zamzam akamuuliza karani, vitu hivi vinatafuta nini. Karani akajibu kwamba havijasema, na havitarajiwi kusema.

Ndipo wakaanza. Hawakupiga kelele, hawakuimba. Walipita mbele yake mmoja mmoja, kama watu wanaoingia nyumba ya jirani. Walio wadogo kwake wakasema shikamoo mama. Walio sawa naye wakasema hujambo dada. Wakiisha kuamkia wakasimama kidogo, kama desturi, kungoja jibu, kisha wakakaa chini.

Mwenye kujua malezi yetu atajua adhabu aliyopewa mama yule. Shikamoo haitui chini, ikitoka kwa mwenzako inakuja kugonga kifuani, na marahaba hupanda yenyewe. Bi Zamzam aliishika kwa meno. Akakaza midomo, akapangusa miwani, akanywa maji. Mtoto wa miaka minne alipomwamkia kwa kitembe, machozi yalimlengalenga, akamwambia karani kwamba humu ndani leo kuna upepo mwingi. Karani akasema ndiyo, Mheshimiwa, wa kaskazi. Hata Bi Tausi, ambaye alikuja na hasira zake kamili, akaanza kumwonea huruma.

Walipokwishapita wote, Bi Zamzam hakuwa ameitikia hata mmoja. Karani akaanza kukusanya kalamu zake. Sefu akainamisha kichwa. Bi Tausi anakiri kwamba hapo alikata tamaa, akaanza kupiga hesabu ya njia ya kurudi na tumbo la Salha, na akaziona akilini zile mbao za kaburi alizozipiga randa Chande.

Salha hakuwa amepita. Alikuwa amekaa kwenye machela karibu na mlango. Sasa akasimama. Akaja taratibu, mkono mmoja ameshika kiuno, mwingine anashika ukingo wa mabenchi, na katikati ya njia maumivu yakamkamata, akasimama, akainama, akangoja yapite. Yalipopita akanyanyua uso uliojaa jasho, na kwa kuwa alikuwa mtoto aliyefunzwa, hakuanza na shida yake.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu," Bi Zamzam akaitikia. "Umeanza kuumwa saa ngapi?"

Baraza zima likasikia. Bi Zamzam mwenyewe alikuwa amekwishashuka kwenye kiti chake, amemshika Salha mabega, ndipo akajua alichokifanya. Karani akaweka kalamu chini. Uso ulimbadilika, lakini alikuwa mtu wa kazi, akauliza swali ambalo sheria ilimtaka aulize.

"Mheshimiwa, umesema na nani?"

Bi Tausi anasema alielewa papo hapo, na kila mtu alielewa. Bi Zamzam akijibu amesema na kitu, ana wazimu na cheo hana. Akijibu hakusema na yeyote, alijisemea mwenyewe, basi atabaki kitini kwake, na Salha atarudi Kitopeni alivyokuja. Karani, ambaye hakuwa na roho mbaya, akamdokeza kwamba kujisemea mwenyewe hakukatazwi.

Bi Zamzam alimtazama Salha, akamuuliza jina. Salha akamwambia. Akamuuliza yule mama aliyekwishainuka akasimama nyuma yake ni nani, Bi Mwanamvua akataja jina lake, na bila kuulizwa akataja na la marehemu binti yake, Mwanaisha, aliyeombewa mkunga masika yaliyopita akaletewa seremala. Bi Zamzam akafumba macho kidogo. Maana amri ile ya seremala aliitoa yeye, tena aliitoa kwa nia njema, akaenda kula chakula cha mchana.

"Nimesema na watu," akamwambia karani. "Andika hivyo. Na mimi nilikuwa nao humu tangu asubuhi, sikuwaitikia. Poleni, jamani. Hamjambo?"

"Hatujambo," wakaitika, na sauti zao zikatetemesha vioo vya madirisha.

Mkunga aliitwa kutoka hospitali ya mjini, akaja kumpima Salha kwenye benchi la karani. Akasema uchungu wenyewe bado, huu ni wa kupapasa njia, lakini siku si nyingi. Akaamriwa aende nao na akae huko. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye haraka, aitwaye Bi Hamida, na njia nzima aliwauliza maswali: wangapi wamezaa, wangapi wamepoteza, maji yako wapi. Watu wa Kitopeni walijibu wote kwa pamoja, maana hawakuwa wamezoea kuulizwa.

Mjini nyuma yao kulibaki fujo. Wataalamu wa ngeli walikutana wiki nzima kujadili kama utu wa Kitopeni umeanza siku ya marahaba au ulikuwapo kabla. Wengine walisema ulikuwapo lakini haukuwa umeitikiwa. Wengine wakasema aliyesalimiwa ni Salha peke yake, na wengine wote ni vitu vilivyokuwa jirani na mtu. Wakati wao wanabishana, habari zilivifikia vijiji vingine, na vyama vya wakazi, ambavyo kumbe vilikuwapo kila mahali vikinywa chai na kukata tamaa, vikaanza kuja. Foleni ya waliokuja kumwamkia Bi Zamzam ilizunguka baraza ikafika sokoni. Yeye hakuwakimbia, aliitikia mpaka sauti ikamkauka. Cheo chake bado kilikuwa kinajadiliwa Bi Tausi alipoondoka, na Fundi Chande alimwambia asiwe na matumaini mengi mno, maana wapo wakubwa waliokwishaanza kuvaa pamba masikioni. Lakini sokoni Bi Tausi alimwona askari mmoja akimwitikia muuza mihogo wa kijijini, kisha akageuka kuangalia kama ameonekana.

Salha alishikwa na uchungu wa kweli asubuhi moja, watu wanakwenda mashambani. Bi Hamida alifunga mlango wa zahanati, akabaki na Salha na Bi Tausi. Nje chama kizima kilikaa kwenye majani. Sefu alikuwa akitembea huku na huku, kila baada ya muda anapewa ndoo akateke maji, ingawa hakuwa amesema neno lolote. Fundi Chande alikaa na mikono mitupu magotini. Bi Mwanamvua alikaa kizingitini, mgongo kwenye mlango, hataki maji wala maneno ya mtu.

Jua lilikuwa limepanda sana mtoto alipolia. Bi Tausi alifungua mlango akasema ni wa kike, na mama yake mzima. Watu wakapiga vigelegele. Bi Mwanamvua hakupiga. Aliweka uso magotini akalia kwa sauti, kilio chote cha masika yaliyopita ambacho alikuwa amekiweka kwa adabu, akamlilia binti yake kwa jina, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Bi Tausi alikaa naye pale kizingitini, akamshika mkono, naye akalia, ingawa marehemu hakumjua.

Baadaye Bi Hamida alitoka, mikono bado imelowa, akajifuta kwa kanga. Akawatazama watu waliojaa kwenye majani, akawauliza, "Nani mwingine kati yenu siku zake ziko karibu?"

Wanawake wawili wakanyanyua mikono.